Arobaini ya mama imepita, sasa nashindwa kupanda daladala. Nifanyeje wakuu?

FundiMbagala:
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 36, fundi cherehani, nina mke na mtoto mmoja. Mama alitutoka miezi mitatu iliyopita. Msiba niliusimamia mimi, watu wakanisifu kwamba sikudondosha chozi. Arobaini tukaisomea hitma, yakaisha.

Balaa likaanza baada ya hapo. Nikiwa kwenye daladala ya kwenda Kariakoo, tukifika Mtongani hivi, moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi inabana, naona kabisa hapa nakufa. Siku ya kwanza nilimpigia konda kelele anishushe, nikakaa kando ya barabara kama mlevi. Siku hizi napanda bodaboda, na hela yote inaishia huko. Nimepima moyo, presha, sukari, malaria, vyote viko sawa. Daktari akasema nipunguze mawazo. Mawazo yanapunguzwaje, kama chumvi?

Na hili msinicheke: mama alikuwa ananipigia kila siku saa mbili usiku. Simu yake ninayo, naichaji na kuiwekea vocha laini isije ikafungwa. Au ndiyo wazimu wenyewe huu?

MzeeWaKazi:
Mwanaume kaza. Sote tumezika.

BintiPangani:
Huko kukaza ndiko kulikomfikisha hapo.

NesiWaZamu:
Pole sana kaka. Nipo wodi ya afya ya akili, haya nayaona kila wiki. Huna wazimu. Hayo ya kwenye gari ni shambulio la hofu. Mwili unamwaga adrenalini kana kwamba umeona simba, unahema haraka haraka, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, ndiyo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Linatisha, ila kwa kawaida linafika kileleni ndani ya dakika kama kumi, kisha linashuka lenyewe. Kwa kuwa moyo umeshapimwa, likija usishuke. Ukishuka, ubongo unajifunza kwamba daladala ndiyo simba, na kesho linakuja mapema zaidi. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko unayovuta. Anza na vituo viwili tu, ukiwa na mtu.

Majonzi ni kitu kingine. Miezi mitatu ni michache mno kuyaita ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka yapite angalau miezi sita, tena yawe yamemkwamisha mtu kwenye maisha yake. Wa Wamarekani, tangu 2022, unataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Majonzi huja kama mawimbi, katikati unaweza hata kucheka. Sonona haina hiyo nafuu: wiki mbili na zaidi, karibu kutwa nzima, huna raha na chochote, unajiona hufai. Ukifika huko, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo na usibaki peke yako. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo chetu, Muhimbili pia ipo. Na tafadhali, usijinunulie vidonge vya usingizi duka la dawa. Kuviacha ni kazi kweli.

MamaShuu:
Mwanangu, mimi nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Wakati ule niliona kama kifungo. Sasa naona nilipewa nafasi: hakuna aliyeniuliza mbona sijachangamka. Ninyi wanaume mkianua tanga, kesho yake mteja anadai suruali yake. Utalia saa ngapi? Kanzu ya marehemu niliiweka mwaka mzima bila kuifua. Simu ya mama iache hapohapo.

BintiPangani:
Mkeo anajua haya yote?

FundiMbagala:
Alikuwa hajui. Nilimwambia nauli imepanda.

Nimemweleza juzi. Leo asubuhi tumepanda wote, siti ya dirishani. Mtongani likanikamata kama kawaida, jasho hadi kwenye soksi, yeye kanishika mkono ananihesabia pumzi, konda anatushangaa. Tumeshukia kwa Azizi Ali, kituo kilichofuata. Kariakoo bado.

Saa mbili usiku huu nimempigia dada yangu kwa simu ya mama. Kuona lile jina kwenye kioo akapiga ukelele, kisha tukalia wote mpaka vocha ikaisha.