Karatasi za kuhamia Réunion kutoka Mtwara: aanzie wapi?

KorosoMbivu ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Dada yangu yuko Mtwara, ameolewa na Mfaransa mwenye makazi kisiwani Réunion na wanataka kuhamia huko jumla. Ndoa ilifungwa msikitini Mikindani, cheti anacho. Ana mtoto wa miaka 9 ambaye baba yake ni mwingine. Cheti cha kuzaliwa cha dada kilitolewa Newala na kimeandikwa Hadija Saidi, kitambulisho cha taifa (NIDA) ni Khadija Said Mohamed, pasipoti bado. Shemeji anasema aombe viza ya Schengen (ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) ya miezi mitatu, mengine watamalizia kule. Hii inakubalika? Na aanze na karatasi ipi ili asipande Dar kila wiki?

Nangurukuru_Kona:

Hilo la Schengen mkatalie shemeji mapema. Réunion ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946 na hela yao ni euro, lakini kisiwa hakimo katika eneo la Schengen. Viza ya kawaida ya Schengen haimwingizi mtu Saint-Denis, mji mkuu wa Réunion, isipokuwa iwe imeandikwa hivyo. Tena, hata akiingia na viza ya muda mfupi, kuigeuza kuwa ukaazi akiwa huko ni mlango wa mateso. Aombe viza ya muda mrefu ya mwenza wa Mfaransa, na kwenye fomu ya mtandaoni ya France-Visas sehemu ya mahali aendako ajaze Réunion, si Ufaransa bara.

Ila kabla ya viza kuna jina. Hapo ndipo faili nyingi za huku kusini zinapokwama. Hadija na Khadija, Saidi na Said, kwetu ni mtu mmoja; kwa karani wa Kifaransa ni watu wawili. Kwake shina la mtu ni cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo NIDA ifuate cheti. Kama cheti chenyewe ndicho kilichokosewa, kirekebishwe kwanza RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa) kupitia ofisi ya wilaya ya Newala kulikosajiliwa, kisha NIDA, kisha pasipoti. Ukiruka hatua, kosa la zamani linahamia kwenye pasipoti mpya na unalipa mara mbili. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, ya mtoto vilevile.

Hati ya kiapo ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja inapita ofisi zetu. Ufaransani isiwe nguzo, iwe nyongeza tu.

Na pasipoti itoke kwa jina la kuzaliwa. Asiweke ubini wa mume kwa mapenzi. Kule mwanamke anabaki kwenye nyaraka kwa jina alilozaliwa nalo, la mume huandikwa pembeni kama jina la matumizi.

BiMwera:

Naongeza kwenye cheti cha kuzaliwa, mkuu amepita haraka. Mwambie dada yako aangalie tarehe ya usajili, si tarehe ya kuzaliwa. Aliyesajiliwa akiwa mtu mzima, tena miezi michache kabla ya kuomba viza, ategemee ubalozi kufanya uhakiki wake. Sheria ya Kiraia ya Ufaransa, kifungu cha 47, inaamini vyeti vya nchi za nje hadi kuwe na dalili kwamba kuna kitu hakiko sawa, na usajili wa kuchelewa ndiyo dalili wanayoikimbilia. Dawa yake ni ushahidi wa zamani: kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza darasa la saba, vyeti vya wazazi. Hivyo avibebe hata kama havikuombwa.

Cheti cha ndoa nacho. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya Kiislamu ni halali, lakini anachotaka Mfaransa ni cheti kilichosajiliwa serikalini, si karatasi yenye muhuri wa msikiti peke yake. Kama shehe aliyefungisha ana leseni na taarifa za ndoa alizopeleka zilifika RITA, safi. Kama hazikufika, ubalozi ukiuliza RITA, jibu litakuwa hawaijui ndoa hiyo.

Baada ya hapo mume (ni mume, si dada yako) ndiye anayeomba ndoa iingizwe kwenye daftari la Ufaransa. Bila hatua hiyo hakuna viza ya mwenza. Je, kabla ya kufunga ndoa mume alichukua cheti cha ubalozi cha kuonyesha hana kizuizi cha kuoa? Hicho hutolewa baada ya tangazo la ndoa kubandikwa siku 10. Kama hakuchukua, ndoa haijavunjika, ila kazi itachelewa: wanaweza kuitwa kuhojiwa, kila mtu peke yake. Wakubaliane mapema juu ya tarehe, mashahidi na mahari. Si kwamba wadanganye. Watu husahau kweli, na majibu yanayogongana huandikwa.

Nangurukuru_Kona:

Sahihi kabisa. Utaratibu wa mihuri sasa, maana hapa watu hutafsiri kwanza halafu wanajuta. Cheti halisi kihakikiwe RITA, kiende Wizara ya Mambo ya Nje kuthibitishwa saini, kisha ubalozi wa Ufaransa Dar. Mihuri yote ikishakaa ndipo mtafsiri aliyeapishwa aguse karatasi, mbele na nyuma, aitafsiri na mihuri. Ukitafsiri kabla, mihuri ya baadaye inabaki bila Kifaransa na tafsiri inarudishwa. Mtafsiri awe kwenye orodha ya mahakama ya rufaa ya Ufaransa au anayetambuliwa na ubalozi. Rafiki anayejua Kifaransa haitoshi.

Picha: asitegemee tu zile tunazopiga kwa ajili ya pasipoti yetu. Wafaransa wanataka milimita 35 kwa 45, nyuma pawe pa rangi nyepesi, kijivu au bluu hafifu, na nyeupe hawapokei. Uso kutoka kidevuni hadi utosini uwe milimita 32 hadi 36. Mpe fundi picha vipimo hivyo kwenye karatasi.

Maombi ya viza hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari. Ada ya viza: mwenza wa Mfaransa hatozwi, na si hisani ya mtu, ni haki yake. Kituo kinachopokea faili kikitoza gharama ya huduma, hiyo ni kitu kingine.

Kuhusu kupanda Dar: panga miadi yote wiki moja, na kama ni masika weka siku za ziada. Maji yakikata barabara pale Somanga, kama wakati wa kimbunga Hidaya Mei 2024, basi halifiki na miadi haikusubiri.

KorosoMbivu:

Asanteni sana. Na mtoto je? Baba yake yupo Masasi, hawaelewani.

BiMwera:

Mtoto ana faili lake: pasipoti yake, viza yake, vyeti vyake vyenye mihuri ileile. Baba akiwa hai na ameandikwa kwenye cheti, ridhaa yake inahitajika kwa maandishi. Akikataa, kinachokubalika ni amri ya mahakama inayompa mama malezi, na hiyo nayo ithibitishwe na kutafsiriwa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba baba hahudumii haibebi uzito huo. Aanze Ustawi wa Jamii Masasi wiki hii, maana ndilo jambo litakalochukua muda kuliko yote. Wakishafika, mtoto ataombewa hati ya kusafiria ya mgeni mdogo (DCEM), vinginevyo akitoka likizo kurudi kwake kunahitaji viza upya.

Mpingo_Lindi:

Nije na ya huko na ya mizigo.

Akifika, viza yake (VLS-TS, viza ya muda mrefu inayotumika pia kama kibali cha ukaazi) lazima ithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi 3, analipa kwa stempu ya kodi ya kielektroniki. Asipofanya hivyo, miezi 3 ikiisha viza inakufa ingawa tarehe iliyoandikwa ni ya mwaka. Kuhuisha: kati ya mwezi wa 4 na wa 2 kabla ya kuisha, si wiki ya mwisho. Bima ya afya Réunion iko CGSS, ofisi ya hifadhi ya jamii ya kisiwani. Akisoma maelezo ya bara ataona CPAM (ofisi ya bima ya afya ya huko bara), asiitafute. Na aanze Kifaransa sasa. Sheria ya Januari 2024 imekaza masharti ya lugha kwa kadi ya ukaazi ya miaka mingi, sasa ni kiwango cha A2 (cha pili kutoka chini).

Njia: kupitia Mauritius ni fupi kuliko kupitia Paris. Akipitia Paris aangalie ndege inaondokea uwanja gani, kwani kutoka Charles de Gaulle kwenda Orly ni kuingia Schengen, na viza ya Réunion peke yake italeta maswali. Homa ya manjano achanje mapema, kadi yake inaanza kutambulika siku ya 10 baada ya chanjo.

Mizigo ya nyumbani inasamehewa ushuru kama ameishi nje miezi 12 na vitu amevitumia miezi 6 au zaidi. Aandike orodha, aiweke tarehe na kuisaini. Nyama, maziwa, embe, mbegu na mihogo mibichi aviache. Vinyago vya Kimakonde vya mpingo vinaruhusiwa, lakini mpingo umo kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 2017: jumla ya mbao hiyo isizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, zaidi ya hapo anahitaji kibali. Apime kabla ya kufunga sanduku.

KorosoMbivu:

Nimeelewa. Jumatatu Newala kwa ajili ya cheti, Masasi kwa ajili ya mtoto. Leseni ya udereva ya dada ataitumia?

Mpingo_Lindi:

Mwaka wa kwanza, ndiyo, ikiwa na tafsiri. Baada ya hapo kubadilishiwa kunategemea orodha ya nchi zilizokubaliana na Ufaransa. Tanzania ikiwa haimo, anasoma na kufanya mtihani upya. Aangalie orodha hiyo mwezi ule ule anaofika, kwa sababu ombi lazima liingie ndani ya huo mwaka mmoja.