Nimealikwa pabu ya kijijini Uingereza na situmii kilevi, nifanyeje?

MchumaJuani: Wakuu, nina miezi mitatu huku Worcestershire, natunza wazee. Ijumaa wenzangu wa kazini wamenialika Bretforton, pabu inaitwa Fleece Inn. Kilevi sigusi, na kwetu ukionekana baa habari inakutangulia nyumbani. Nikikataa nitaonekana najitenga. Naombeni ushauri.

BinKibao: Baa ni baa tu mkuu, hata ukiiezeka makuti. Sema una zamu, kalale.

DadaWaMvua: Usimsikilize huyo. Pabu ya kijijini ni baraza lenye kaunta. Utakuta babu na gazeti lake, mbwa kalala miguuni, watoto wanakula, moto wa kuni unawaka. Muhudumu hakufuati mezani, unaenda kaunta mwenyewe na kulipa hapohapo. Foleni huioni kwa macho ila kila mtu anajua nani katangulia, kwa hiyo usijipenyeze.

Cha kuangalia ni raundi. Mmoja ananunulia meza nzima, kisha mwingine. Kunywa soda yako, wala hawatakuandama. Ila zamu yako ikifika ukakimbilia chooni, Jumatatu utajua hujui.

KaroMbili: Na bia ya pipa huko usiulize "ya moto au ya baridi?" Inavutwa kwa mkono kutoka chini ya sakafu, ina digrii kama 12. Painti moja mililita 568. Nilidhani friji imeharibika 😂

MzeeWaKumbukumbu: Mleta uzi, una bahati. Hiyo Fleece ilikuwa nyumba ya mkulima tangu enzi za kati, ikafanywa pabu mwaka 1848, na ukoo uleule ukaendelea kuishika. Lola Taplin, wa mwisho wao, alipofariki 1977 aliiachia National Trust, shirika la huko linalotunza majengo ya kale. Wanasimulia kwamba aliusia krispi zisiuzwe humo kamwe! Ukifika mahali pa moto, tazama sakafuni: kuna miduara ya chokaa, ilichorwa ili wachawi wasishuke kwa dohani. Siku wakikwambia uchawi ni mambo ya Afrika, uwapeleke hapo.

BinKibao: Kumbe na wao! Basi nenda mkuu, ila mama asijue.

MchumaJuani: Asanteni. Naenda. Tuko sita, na mshahara unaingia Jumatatu. Raundi ya kwanza nimwachie nani?

DadaWaMvua: Bosi. Wewe chukua ya mwisho, nusu yao watakuwa wameshaondoka.