Jasho la viganja kwenye dansi ya nguzo: tupeane uzoefu

Binti Kigamboni
Jana jioni nilimwona mwanafunzi mpya akifuta viganja kwenye kaptula kila mara kabla ya kushika nguzo, nikajikumbuka mwenyewe. Hapa Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, feni hazifanyi kazi nyingine ila kulihamisha joto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na ninapofika hatua ya kupinduka kichwa chini mikono huwa imelowa kama ya mtu aliyetoka kufua. Nimejaribu taulo, nimejaribu poda ya watoto, na bado nateleza. Wenzangu wa dansi ya nguzo, mnalidhibiti vipi jasho?

Mwana wa Nyali
Hiyo poda ndiyo inayokuponza, maana imetengenezwa ili ngozi iteleze isichubuke. Tafuta chaki ya magnesiamu wanayotumia wanajimnastiki na wapanda majabali, hasa ile ya maji iliyochanganywa na alkoholi: unapaka tone lenye ukubwa wa punje ya harage, unasubiri alkoholi ikauke, ndipo unashika. Ukizidisha, chaki itageuka vumbi na utateleza vilevile. Nguzo nayo ifutwe kwa spiriti kila baada ya zamu, kwa sababu jasho la aliyekutangulia hubaki pale likikusubiri.

Asiye na Haraka
Nakubaliana kuhusu poda. Mfupa wangu wa mkia ni shahidi.

Mkaazi wa Limuru
Ninyi wa pwani mnalalamikia neema. Huku kwetu mwezi wa Julai nguzo huwa baridi kama bomba la maji alfajiri, na ngozi iliyokauka haishiki chochote, hivyo mimi huisugua nguzo kwa taulo mpaka ipate joto, kisha hujinyunyizia maji kidogo mapajani. Msimkaushe binti wa watu kupita kiasi.

Mwana wa Nyali
Ushauri wa Limuru na ubaki Limuru. Unyevu tunaouzungumzia sisi unadondoka sakafuni.

Mkaazi wa Limuru
Nimeandika mapaja, ndugu yangu, nawe umesoma viganja. Sehemu hizo mbili hazihitaji kitu kimoja.

Mama Wawili
Mmenikumbusha siku ambayo nilitaka kuisahau. Nina nguzo nyumbani, ile inayokazwa kati ya sakafu na dari, na mama mkwe alipofika kutoka Pangani nilimwambia kwamba fundi ameiweka kushikilia dari. Siku mbili baadaye kulikuwa na harusi ya shemeji yangu, nikapakwa mafuta ya nazi mwili mzima, na kesho yake nilioga mara mbili kwa sabuni nikiamini kwamba yameisha. Nilipaka chaki viganjani kwa uangalifu wote, nikapanda, nikaning'inia kwa goti moja na kuachia mikono yote miwili. Mwili ulipopata moto, jasho likayatoa mafuta yaliyokuwa yamejificha nyuma ya goti, na mguu ukaanza kuteleza polepole, kiasi kwamba nilipata muda wa kufikiri ila si muda wa kuishika tena nguzo. Niliangukia bega juu ya godoro, kwa kishindo kilichomfanya mama mkwe afungue mlango bila kubisha. Alinikuta chini, miguu juu, nimevaa kaptula ambayo sitaieleza hapa.

Asiye na Haraka
Mama mkwe alisema nini?

Kunguru wa Posta
Nami nasubiri. Hayo mengine ya chaki tutayasoma baadaye.

Binti Kigamboni
Jamani, viganja vyangu!

Muuguzi wa Usiku
Mama Wawili, pole kwa bega. Somo lako ni kwamba losheni na mafuta yaachwe tangu siku iliyotangulia mazoezi, na kwa mafuta mazito kama hayo hata siku moja haitoshi. Binti Kigamboni, dawa ya kuzuia jasho yenye chumvi za alumini hupakwa usiku kabla ya kulala, kwenye viganja vikavu kabisa, kwa kuwa wakati huo tezi za jasho zimetulia. Wengi huipaka dakika tano kabla ya darasa, kisha huilaumu. Iwapo mikono hulowa hata ukiwa umekaa kwenye baridi bila kufanya lolote, hayo si mazoezi tena, mwone daktari wa ngozi. Yapo matibabu ya kuloweka viganja kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo, ingawa hayawafai wajawazito wala wenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo.

Kunguru wa Posta
Mimi darasani kwetu nikianguka wote huniambia "pole", nami huwajibu kwamba ndiyo niliyoilipia, maana kwa Kiingereza "pole" ni nguzo.

Fundi Chuma
Hakuna aliyeuliza nguzo ni ya madini gani. Shaba nyeupe hushika vizuri zaidi kwenye joto la pwani kuliko iliyopakwa kromu, ila hufifia na hutaka kusuguliwa. Angalia na unene, kwa sababu mwenye kiganja kidogo akipewa milimita 50 badala ya 45 vidole havifungi sawasawa, naye atalisingizia jasho.

Mama Wawili
Mlioulizia mama mkwe: aliitazama nguzo, akanitazama mimi, akasema kwamba marehemu baba yake alikuwa mkwezi wa minazi na hakuwahi kupanda bila kupaka majivu mikononi. Kesho yake nilikuta kikopo cha majivu pembeni ya godoro.

Mwana wa Nyali
Mkwezi ana vidato vya kukanyagia, nguzo haina.

Muuguzi wa Usiku
Na majivu yakichanganyika na jasho huwa makali kama magadi. Msiyapake.

Mama Wawili
Nimechelewa kuusoma ujumbe huu. Yanashika vizuri, lakini yanawasha.