Tangi la matumbawe lita 45: nifunge taa gani?

Tangi Dogo:
Wakuu habari zenu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 45, urefu sentimita 50, upana 30, kina 30. Lina miezi minne sasa, maji yametulia, samaki wawili wanakula vizuri. Miezi miwili iliyopita niliweka matumbawe yangu ya kwanza: jiwe moja la Zoanthus na Discosoma mbili. Taa ninayotumia ni LED nyeupe ya wati 18 niliyobaki nayo kutoka kwenye tangi la maji baridi lenye mimea.

Shida iko kwa Zoanthus. Zilikuja fupi, zimejipanga kama vifungo vya shati. Sasa zimerefuka shingo, zote zimeinamia upande wa taa kama watu wanaochungulia dirishani, na ule ukijani wake umegeuka kahawia. Discosoma hazina neno.

Muuzaji mmoja kaniambia nichukue taa ya metali halaidi ya wati 150. Mwingine anasema LED yoyote ya bluu inatosha. Na ndoto yangu ni kuweka Acropora, lile tumbawe gumu, siku moja. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Kaa Mwamba:
Mkuu, weka ndoto pembeni kidogo. Ndani ya mwaka huu utafuga nini, na utakiweka wapi: chini mchangani, katikati au juu ya jiwe? Ukishajibu hilo, taa inajichagua yenyewe.

Wati ni umeme unaoliwa na taa. Tumbawe linajali PAR, yaani ule mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 ambao vijimwani vilivyo ndani ya mnofu wake vinautumia kujitengenezea chakula. Unapimwa kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Discosoma zinaridhika na 50 hivi. Zoanthus na matumbawe laini mengi, 75 hadi 150. Euphyllia, tumbawe la vidole virefu, nayo iko humo humo. Acropora ndiyo watu huipa 250 hadi 350, na hapo bado hujagusa suala la kalsiamu na alkalini, ambavyo kwenye lita 45 vinayumba haraka. Ushauri wangu: nunua taa ya matumbawe laini inayoweza kupanda hadi 200 pale juu ya jiwe. Acropora itasubiri tangi kubwa.

Hizo shingo ndefu ni njaa ya mwanga. Ukahawia nao mara nyingi ni tumbawe kuongeza vijimwani ili linase kile kidogo linachopata, ingawa nitreti ikiwa juu nayo huleta rangi hiyo hiyo. Pima maji kwanza.

Chumvi Nyingi:
Metali halaidi ya wati 150 juu ya lita 45? Huyo muuzaji anataka kukuuzia na kipozeo cha maji.

Sisemi ni taa mbaya. Nimeitumia miaka mingi kwenye tangi kubwa na mpaka leo nakumbuka ule mwanga unavyocheza mchangani kama wa jua. Lakini joto lake ni balaa. Kwenye tangi lako maji yatatoka nyuzi 25 kwenda 29 kabla ya jioni, na yatakauka haraka. Yakikauka chumvi inabaki, msongamano unapanda kutoka 1.025, wewe unakimbizana na ndoo ya maji safi kila siku. Kuna na mirija ya T5, zile taa nyembamba za fluoresenti: inasambaza mwanga vizuri kuliko taa yoyote, haina vivuli, ila kila miezi 9 hadi 12 unabadilisha kwa sababu mwanga wake unachakaa hata kama macho yako hayaoni. Kwa ukubwa wako, LED.

Tangi Dogo:
Ahsanteni sana. Nitreti nimepima, 10. Kwa hiyo mwanga ndio mshukiwa. Nimepakua programu ya simu ya kupima lux, inaweza kunisaidia kulinganisha taa dukani?

Pweza Mpole:
Itakudanganya, mkuu. Lux imetengenezwa kufuata jicho la mwanadamu, na jicho letu linapenda kijani. Bluu ya nanomita 450 tunaiona hafifu wakati vijimwani vinaila kwa pupa. Utapima taa nzuri ya bluu, simu iseme ni dhaifu, urudi nyumbani na taa nyeupe nyingine. Kama unamjua mfugaji mwenye kipimo cha PAR, azima siku moja. Humaliza ubishi ndani ya dakika kumi.

Mwani Kijani:
Mimi nasema nunua bluu tupu. Nyeupe inafuga mwani tu.

Kaa Mwamba:
Hapo napinga. Mwani unalishwa na fosfeti na nitreti, na nyeupe ya kelvini 6500 imekuza matumbawe ya watu wengi. Tunapendelea bluu kwa sababu mbili za kweli: ndiyo inayopenya mbali baharini, nyekundu inapotea mita chache tu kutoka juu, na ndiyo inayofanya rangi za tumbawe ziwake. Ila tangi la bluu tupu unakaa mbele yake unahisi uko ukumbi wa disko, na tumbawe likianza kupauka unachelewa kuona. Tafuta taa yenye chaneli mbili, bluu na nyeupe, unazoweza kupunguza kila moja kivyake.

Pweza Mpole:
Nakazia hapo kwenye kupunguza. Mimi nimeua matumbawe kwa mwanga mwingi kuliko kwa giza. Nilifunga LED mpya saa mbili usiku, nikaiwasha asilimia 100 nione rangi, kesho yake nikaiacha hivyo hivyo kwa muda wa saa 12. Nilikuwa na Euphyllia yenye vichwa vitatu. Siku ya pili haikufungua vizuri. Siku ya nne vidole vyake vilikuwa vyeupe, ukiangalia karibu unauona mfupa kupitia mnofu, kama taa nyuma ya karatasi iliyolowa. Vijimwani vyote vilikuwa vimefukuzwa. Kichwa kimoja tu ndicho kilichopona, tena baada ya miezi.

Kwa hiyo: ikishafika, ining'inize sentimita 25 juu ya maji, anza asilimia 30, ongeza tano kila wiki huku ukitazama. Saa 8 hadi 10 kwa siku, taima iwashe na kuzima, usitegemee kumbukumbu zako. Zoanthus zako zimezoea giza, ni kama mtu aliyetoka chumba cha ndani kwenda juani adhuhuri.

Dada Mchanga:
Wote mmesahau maji yanayoruka. Kwenye tangi dogo lisilo na kifuniko, pampu inarusha matone, chumvi inaganda kwenye lenzi ya taa, mwezi ukiisha umepoteza mwanga wako bila kujua. Kila wiki zima taa, iache ipoe, futa kwa kitambaa chenye maji safi. Na waya wa taa uushushe chini ya soketi halafu upande tena kuingia, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Usicheke, chumvi na umeme havina urafiki.

Kitu kingine, angalia pembe ya lenzi. Lenzi nyembamba inachoma katikati na kuacha kona gizani. Kwa kina cha sentimita 30 huhitaji mwanga wa kuchoma hivyo, chukua iliyotawanyika.

Tangi Dogo:
Mrejesho, wakuu. Ni wiki ya tatu leo. Nilichukua LED ya wati 30 yenye chaneli mbili, nimeining'iniza sentimita 25, bluu iko asilimia 40, nyeupe 15, saa 9 kwa siku. Nimeazima kipimo: juu ya jiwe 110, mchangani 45. Zoanthus za zamani bado zina shingo ndefu, lakini vichipukizi vitatu vipya pembeni vimetoka vifupi na kijani chake kimerudi. Discosoma moja imejikunja tangu juzi.

Dada Mchanga:
Iko wapi hiyo iliyojikunja?

Tangi Dogo:
Juu ya jiwe, karibu na Zoanthus.

Dada Mchanga:
Ishushe mchangani, upande wenye kivuli. Usiguse taa.