Majirani Ng'ambo ya Reli

[18:41] Mama Zuhura: Habari za jioni majirani. Jumamosi saa 1 asubuhi kwenye kivuko cha chini ya reli ya SGR, kila nyumba buku tano za taa. Jana simu mbili zimekwapuliwa mle ndani saa 2 usiku. Andikeni majina.
1. Mama Zuhura ✅
2.

[19:30] Mama Zuhura: Mmesoma watu 23. Jina moja.

[19:33] Dullah Boda: Mi bora niruke uzio 😂

[19:35] Fundi Ombeni: Ruka. Juu waya una volti 25,000, chini treni inakuja km 160 kwa saa.

[19:36] Dullah Boda: Basi naandika jina 😂😂

[19:44] Fundi Ombeni: Taa zile za kwanza za sola zilifungwa kwa skrubu za kawaida, bisibisi tu zikang'oka. Safari hii LED wati 20 nne, kila moja kwenye kizimba cha nondo mm 8 kilichochomelewa. Paneli na betri juu ya nguzo nje, mita 4. Waya kwenye bomba la chuma. La plastiki wanalichoma watoe kopa. Taa mbili ziwe nje, moja kila mdomo. Mkiweka ndani tu, ukitoka kuingia gizani huoni kitu, anayekuvizia anakuona mzimamzima. Na zege la reli lisitobolewe bila kibali.

[19:51] Mama Salma: Na hela ya geti?

[19:52] Dullah Boda: Geti lipo, limejifungia ndani 😂

[19:52] Mama Zuhura: Hilo lilishaisha kwa mwenyekiti.

[19:53] Mama Salma: Liliisha kwako.

[21:50] Mzee Kibwana: Asalaam aleykum. Mtaro wa upande wa sokoni umeziba, maji yamekula njia. Watu wanapita juu ya matofali, mmoja mmoja, macho miguuni. Kibaka anasimama kwenye tofali la mwisho. Zibueni mtaro kwanza. Na hesabu ya geti isomwe kabla hamjachanga tena.

[21:52] Dullah Boda: Shikamoo mzee 🙏

[21:58] Fundi Ombeni: Kweli. Koleo 3, toroli 1. Tope lisirundikwe ukingoni, mvua moja tu linarudi. Kuta zikikauka zipigwe chokaa, taa zilezile zitaangaza zaidi.

[22:01] Mama Zuhura: Sawa mzee. Jumamosi mtaro. Taa tutaongea. Nani ana koleo?

[06:10] Mama Zuhura: Nani ana koleo?

[06:52] Baba Neema: Samahani nililala mapema. Taa za wapi?

[06:55] Dullah Boda: Koleo ninalo, mpini ndio sina.

[07:03] Mama Salma: Na daftari la geti lije hiyo Jumamosi.