Kanuni ya "hakuna wahusika wa kike" kwenye mashindano ya gemu za bunduki ni uonevu, na hakuna aliyepima kitu

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Kuna mashindano ya gemu ya bunduki ya kwenye simu ambayo kikosi chetu kimeshajiandikisha na kulipa. Juzi waandaaji wametupia kanuni mpya kwenye grupu: marufuku kutumia mhusika wa kike. Sababu yao ni haki kwa wote, eti mwili wa mwanamke ni mwembamba kwa hiyo risasi zinampita. Nikauliza kwa heshima zote: mmepima? Nani kapima, kwa bunduki gani, kwa umbali gani? Nikajibiwa hilo kila mtu analijua. Nilipouliza tena nikaambiwa kama nawaogopa kaka zangu nibaki nyumbani. Na ada hairudishwi.

Kila mtu analijua nini, jamani?

Gemu haiangalii picha ya mwili unayoiona. Ndani ya ule mwili kuna maumbo yasiyoonekana, hitiboksi: moja la kichwa, moja la kifua, mengine ya mikono na miguu. Risasi ikigusa hayo maumbo umepigwa, isipoyagusa umepona, hata kama kwa macho imepita katikati ya bega. Waliotengeneza gemu wanaweza kuchora jitu lenye misuli na binti mwembamba, halafu wote wawili wakawapa maumbo yaleyale. Gemu ya Quake III ya mwaka 1999 ilifanya hivyo: uchague askari, mifupa inayotembea au mwanamke, boksi ni lilelile. Valorant ya 2020 nayo mawakala (wahusika) wake wote, wa kike na wa kiume, wana hitiboksi sawa.

Kwa hiyo swali la gemu yetu lina jibu, na kulipata hakuhitaji digrii. Fungua chumba binafsi. Simamisha mhusika wa kiume na wa kike bega kwa bega mbele ya ukuta mweupe. Mtu wa tatu asimame mbali kidogo, achukue bunduki ya risasi moja moja, aanze kupiga pembeni kabisa mwa bega, akisogeza shabaha kidogo kidogo kuja ndani mpaka ile alama ya "umempata" itokee. Rudia wakiwa wamechuchumaa, rudia wakikimbia, rekodi skrini. Ni kazi ya jioni moja na bando kidogo. Hawa watu wametunga kanuni bila kufanya hata hilo.

Halafu tuseme wamepima na wamekuta tofauti. Bado tatizo lingekuwa ukubwa, siyo jinsia. Kwenye GoldenEye 007 ya 1997 aliyekuwa akilalamikiwa ni Oddjob, mwanamume, kwa sababu ni mfupi na ukilenga kawaida unapiga hewa. Apex Legends ilipotoka Februari 2019 miili ilitofautiana kwelikweli. Gibraltar na Caustic, wanaume wanene, walikuwa wanaokota kila risasi, ikabidi wapunguziwe maumivu kwa asilimia 10, baadaye 15. Wanawake wembamba kama Wraith na Lifeline wakaongezewa asilimia 5 ya maumivu. Sasa angalieni na nani mwingine aliwahi kuwekwa kwenye kundi hilo la wembamba: Pathfinder, ambaye ni roboti! Watengenezaji waliona tofauti, wakaishughulikia kwa namba. Hakuna aliyesema wanawake watoke uwanjani.

Mfano ambao waandaaji wetu wanaupenda ni Roze, mhusika wa kike wa gemu ya Warzone. Haya, tumzungumzie. Mwaka 2020, pasi ya msimu wa tano (zawadi unazolipia na kuzifungua daraja kwa daraja kadiri unavyocheza) ilimweka mwishoni kabisa, daraja la 100, akiwa na vazi linaloitwa Rook: jeusi tii kuanzia kichwani mpaka kwenye buti, uso umefunikwa. Ukiingia kwenye nyumba zenye giza kule Verdansk, ramani ya gemu hiyo, yeye amejibanza kwenye kona ya ngazi, unakufa hujui nani kakupiga. Watu wakamvaa kwa wingi, na waliomvaa wengi wao walikuwa wanaume. Malalamiko yalikuwa ya haki kabisa. Ila kilichokuwa kinaua watu ni nguo nyeusi gizani. Mvike mwanamume vazi lile, akae kona ileile, utakufa vilevile. Mwaka 2021 walipokuja kurekebisha walihangaika na namna vazi lile linavyoonekana kwenye mwanga. Roze mwenyewe aliendelea kuchezwa.

Hapo ndipo hasira yangu kubwa ilipo, kwa kampuni zenyewe. Unauza faida kwa pesa, unaacha watu waitumie miezi na miezi, kelele zikizidi unabadilisha kivazi kimya kimya. Aliyenunua kaliwa, aliyeuawa miezi yote hiyo naye kaliwa.

Na sikatai kwamba macho nayo yana kazi yake. Hata hitiboksi zikiwa sawa, kulenga umbo jembamba ni kugumu kuliko kulenga pana. Kwenye gemu za kamera ya mgongoni kama Fortnite, mhusika mwembamba anakuachia nafasi zaidi ya kuona mbele, ndiyo maana wachezaji wakali wengi wanachagua miili midogo. Lakini dawa yake ipo tangu zama za Quake III: mpangilio unaowafanya wapinzani wote waonekane kwa mwili mmoja kwenye skrini yako. Mimi najiona na mhusika wangu wa kike niliyemnunua, wewe unaniona kama askari wa kawaida mwenye rangi inayoonekana. Iwekwe kwenye mechi za madaraja na za mashindano, tumemaliza.

Wasichana tunaocheza tunajua kanuni kama hii inazaa nini. Tayari nikimpiga mtu hedishoti, yaani risasi ya kichwa, nasikia kwenye maiki kwamba ni mwili wa mhusika umenibeba. Mvulana wa kikosi chetu anatumia mhusika yuleyule na anaitwa fundi. Sasa maneno hayo ya mitaani yamegeuzwa sheria yenye muhuri wa waandaaji.

Ninachodai: wekeni video ya kipimo hadharani kabla mechi hazijaanza. Kama kweli boksi ni dogo, tajeni mhusika mmoja mmoja kwa jina, awe wa kike au wa kiume, na mavazi meusi yote yaingie kwenye orodha hiyohiyo. Kama hamna video, futeni kanuni, au mrudishe ada ya kila kikosi kitakachojitoa. Chetu kitajitoa.