Kangaruu wa mitini wa Queensland: tulinde hekta au tulinde udongo?

Wadau, kuna hoja kwamba misitu ya mvua ya kaskazini mwa Queensland, Australia, imelindwa vya kutosha. Naipinga. Ni kweli karibu hekta 900,000 zimekuwa Urithi wa Dunia tangu 1988 na ukataji magogo ulikomeshwa humo. Lakini anayehesabu hekta tu hajauliza wanyama wenyewe wanakula nini.

Kangaruu wa mitini wa Lumholtz na posamu (wanyama wadogo wenye mfuko, wakaao mitini) wa milima ile wanaishi kwa majani, na jani ni chakula duni: nyuzi tele, sumu ya mti, protini kiduchu. Mtafiti John Kanowski na wenzake waliwahesabu wakakuta ni wengi zaidi kwenye miinuko, hasa pale msitu ulipoota juu ya udongo wa volkano. Ukihamia kwenye udongo maskini, idadi inashuka, hata kama msitu kwa macho ni mnene. Sasa udongo ule wa rutuba kwenye uwanda wa Atherton ndio walowezi waliufyeka wapate mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Kilichobaki pale ni vipande vipande katikati ya mashamba ya watu.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito: vipande haviokoi kila mnyama. Posamu aitwaye Hemibelideus lemuroides husafiri juu kwa juu, akiruka tawi hadi tawi; msitu ukikatika naye hutoweka mapema. Kangaruu yeye hushuka na kuvuka malisho, na huko ndiko anakouawa na mbwa na magari. Nakubali. Ndiyo maana nataka vipande viunganishwe, kazi ambayo wapanda miti wa TREAT, kikundi cha kujitolea, wanaifanya Atherton tangu 1982.

Na msiniambie joto likizidi watapanda mlimani. Posamu hawa tayari wako juu, joto kali huwaua, na hewa ya ukaa ikiongezeka naitrojeni, inayojenga protini, hupungua kwenye majani. Watahitaji udongo mzuri kuliko sasa.

Kinachobaki ni nani alipe. Mwenye malisho yaliyo kati ya vipande viwili alazimishwe na sheria ayaache yarudi msitu, au serikali iyanunue kwa bei ya soko? Mimi nasema yanunuliwe, hata ikibidi kuchelewesha miradi ndani ya hifadhi. Mnaoona vingine, fedha hizo mngezipeleka wapi?